Matumbawe laini yamejikunja tangu yafike

Pole sana, ndugu. Umeandika kwamba matumbawe laini uliyoyaweka kwenye tangi lako la maji ya chumvi yana siku nne tangu yafike na yote yamejikunja: usiyahamishehamishe tena, kila kuhama ni mshtuko mpya. Lile tumbawe la ngozi (aina ya tumbawe laini lenye umbo nene kama ngozi), lenye utando unaong'aa kama nta, huenda linajichuna tu. Hufanya hivyo, kisha hufunguka baada ya siku kadhaa, pengine hata wiki mbili. Mkondo wa wastani, usiolipiga moja kwa moja, husaidia kuung'oa utando huo.

Ninachokitilia shaka zaidi ni chumvi na mwanga. Pima chumvi ya maji kwa refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) iliyosawazishwa. Lenga gramu 35 kwa kilo ya maji. Taa ipunguze karibu nusu, uipandishe polepole kwa wiki mbili tatu. Na hiyo nitrati (lishe itokanayo na uchafu wa tangini) ya sifuri uliyoitaja si jambo la kujivunia: matumbawe laini hupenda maji yenye lishe kidogo, miligramu 5 kwa lita hivi. Weka pia kaboni amilifu (mkaa wa kuchuja maji), maana matumbawe haya hutoa sumu za kushambuliana.

Lakini tumbawe lolote likianza kunuka na kuyeyuka, litoe leo hii, ukate sehemu iliyooza, ubadilishe na maji kiasi.