Mchuzi wa nyama wa Kimalei: tunda liingie mwisho

Tuelewane kwanza ni mchuzi upi. Huu si wa Malaysia na hauna tui la nazi. Ni wa Waislamu wa Cape Town, Afrika Kusini, wanaoitwa Wamalei, wale ambao Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi rangi chini ya Signal Hill, umekuwa kitovu chao. Wazee wao walipelekwa huko utumwani na Waholanzi baada ya kituo chao cha Rasi ya Tumaini Jema, palipo Cape Town leo, kuanzishwa mwaka 1652. Walitoka visiwa vya Indonesia ya leo, India, Sri Lanka, Madagaska, na wengine upande wetu huu wa Afrika Mashariki na Msumbiji. Ndiyo maana viungo vyake karibu vyote umeshavizoea kwenye pilau. Kilicho kigeni ni aprikoti kavu (tunda dogo la rangi ya chungwa lenye kokwa moja), jemu yake, na siki ya kuzitia adabu.

Mchuzi huu ni mpole. Wengi wakisikia hivyo wanapunguza kila kitu, wakaishia na mchuzi uliopooza, mtamu kama uji. Punguza pilipili tu. Bizari ibaki kamili.

Kwa walaji sita, chukua kilo moja na robo ya bega la kondoo au mbuzi, lenye mfupa, likatwe vipande vya ukubwa wa yai. Steki haifai: hukauka kabla mchuzi haujapata mwili, kwa kuwa utelezi mzuri unatokana na mifupa na mishipa. Vitunguu maji vikubwa vitatu, punje tano za thomu, tangawizi mbichi urefu wa kidole gumba, nyanya mbili za kukwaruza. Vya kukaanga vizima ni kijiti cha mdalasini, iliki tano zilizopasuliwa na karafuu nne. Vya kusaga ni giligilani kavu kijiko kikubwa kimoja, bizari nyembamba vijiko vidogo viwili, na shamari, manjano kijiko kidogo kimoja kimoja. Pilipili ya unga robo kijiko kidogo, basi. Shamari usiiache, ndiyo inayoutoa mchuzi huu kwenye harufu ya pilau.

Kausha nyama kwa kitambaa, kisha igeuze rangi kwenye mafuta vijiko vikubwa vitatu, kwa mafungu mawili. Ukiitia yote pamoja sufuria inapoa, nyama inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itoe, weka pembeni pamoja na maji yake.

Kwenye mafuta hayohayo tia viungo vizima, kisha vitunguu na chumvi kidogo, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20. Hapa mkono uliozoea pilau lazima ujizuie. Kitunguu cha pilau tunakipeleka hadi kahawia nzito; hiki kiishie rangi ya asali. Jemu itaongeza weusi wake baadaye, na kitunguu kilichoungua kikikutana na sukari kinaacha uchungu ambao siki haiuondoi. Dalili ni hii: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi, mafuta yakiwa yanang'aa pembeni, kitunguu kiko tayari. Njia ikijifunga kwa maji, ngoja.

Tia thomu na tangawizi iliyopondwa, nusu dakika. Viungo vya unga vikoroge kwanza na maji vijiko vitatu ndipo uvimimine, kwa sababu manjano makavu kwenye mafuta ya moto huungua upesi. Kaanga hadi maji yakauke na mafuta yajitenge. Nyanya zifuate, ziive kabisa hadi zipoteze ubichi. Rudisha nyama, tia maji vikombe viwili na chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, funika, moto mdogo. Kondoo mdogo atachukua saa moja na robo. Mbuzi mzee anaweza kufika saa mbili, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo. Viazi, kama unavipenda, viingie nyama ikikaribia kulainika, na viive kabla ya siki kutiwa. Kiazi kilichopata ukali kikiwa kibichi hukaa kigumu moyoni hata ukikichemsha jioni nzima.

Sasa matunda. Aprikoti kavu gramu 120, zikatwe nusu, na zabibu kavu konzi moja, ziingie nyama ikiwa imeshalainika, zimebaki dakika 25. Zikiingia mwanzo zinayeyuka na sukari yake inashika chini. Aprikoti hunywa maji, hivyo mchuzi uwe mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani. Chagua zile za rangi ya chungwa. Za kahawia zina utamu wa sukari iliyoungua na ukali wake ni mdogo. Zikikosekana, embe kavu linafaa. Nanasi bichi usiliweke kwenye nyama: lina kimeng'enya kinachoivunja hadi iwe kama makapi.

Dakika kumi za mwisho tia jemu ya aprikoti vijiko vikubwa viwili na siki kijiko kikubwa kimoja na nusu, ukikoroga hadi chini. Ukwaju mzito pia unakubali, ila unatia weusi. Kisha onja. Utamu ukitangulia ulimini na bizari ikachelewa, ongeza siki kijiko kidogo kimoja kimoja, si chumvi. Ukionekana mkali tu, nusu kijiko cha jemu kinatosha. Wanaotia vijiko vitano vya jemu kwa mkupuo mmoja wanapika kitindamlo chenye mifupa.

Unaliwa na wali wa manjano wenye zabibu na kijiti cha mdalasini, pamoja na kachumbari ya siki bila sukari. Chapati pia haina ubaya.

Ukilala unakuwa mtamu zaidi na mzito, maana aprikoti zinaendelea kunywa usiku kucha. Wakati wa kupasha ongeza maji nusu kikombe, moto mdogo, na uonje siki kabla hujagusa chumvi.