Maswali ya Wasomaji: FOB au CIF kwa Mzigo wa Kuchangia Kontena?

SWALI: Ninauza vifaa vya bafuni Kariakoo, na kwa mara ya kwanza ninaagiza masinki moja kwa moja kiwandani, Foshan, China. Mzigo ni mita za ujazo 4, kwa hiyo nitachangia kontena na wengine. Kiwanda kimenipa bei mbili: dola 4,000 FOB Guangzhou (hadi mzigo upakiwe melini kule), au dola 4,090 CIF Dar es Salaam (pamoja na bima na nauli hadi hapa). Naona CIF ni nafuu, tena masinki yakivunjika njiani hasara itakuwa yao. Je, niko sahihi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hauko sahihi, na nakusihi usitume malipo ya awali kabla hujalipima upya jambo hili. Kanuni za Incoterms, yaani masharti ya mauziano ya kimataifa kama FOB na CIF, ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris imekuwa ikizitoa tangu 1936 na ambazo toleo lake la sasa ni la 2020, hutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mno: nani analipa nauli, na hasara ni ya nani. Katika CIF kiwanda hulipa nauli hadi Dar es Salaam, lakini mzigo ukishapakiwa melini kule Guangzhou, hasara inayotokea baada ya hapo ni yako, sawasawa na FOB. Bima ambayo muuzaji analazimika kukukatia ni ya kiwango cha chini kabisa, yaani ya majanga kama meli kuzama au kuungua. Kreti lililoangushwa na sinki likapata ufa halimo.

Sasa hizo dola 90. Nauli ya mita 4 za ujazo pamoja na bima haitoshi hapo, na pengo hilo mara nyingi hufidiwa huku kwetu. Wakala wa usafirishaji aliyechaguliwa na kiwanda ndiye anayeshika mzigo wako, na siku unapokwenda kuuchukua unakabidhiwa ankara ya kufungua kontena, ya ghala, ya hati ya kuruhusu mzigo utoke, kila kimoja kwa bei ambayo hukuwahi kuijadili, huku gharama za ghala zikiongezeka kwa kila siku unayobishana. Nimeona ankara za namna hiyo zikizidi nauli yenyewe, na inaniuma kwa sababu wanaoumia zaidi ni wenye mitaji midogo.

Wala usiichague FOB ukidhani itapunguza ushuru, kwa kuwa forodha ya Afrika Mashariki hutoza kwa thamani ya CIF. Tuseme nauli halisi ni dola 600 na bima dola 40: thamani inakuwa 4,640. Ikiwa bidhaa iko kwenye kundi la asilimia 25, ushuru ni 1,160, na VAT ya asilimia 18 juu ya 5,800 (thamani pamoja na ushuru) ni 1,044, mbali na tozo nyingine.

Ushauri wangu ni utafute wakala wako mwenyewe hapa Dar es Salaam, akupe kwa maandishi nauli pamoja na gharama zote za huku, kisha umwombe muuzaji bei ya FCA, yaani ya kukabidhi mzigo kwa msafirishaji mahali mnapokubaliana, ukitaja ghala la wakala wako Guangzhou. FOB inafaa zaidi kwa mzigo unaopakiwa moja kwa moja melini, ilhali wako utakabidhiwa ghalani siku kadhaa kabla. Bima ikate hapa nchini, iwe ya hatari zote, na uhakikishe kwa maandishi kwamba kuvunjika kwa vyombo vya kauri kumo.