Maswali na Majibu: Miaka Mitatu ya Usanifu wa Michoro, Ya Nini?

Tumepokea barua tatu kutoka Mwanza ambazo, ingawa zimeandikwa na watu wa rika na hali tofauti, zinauliza jambo moja: kusomea usanifu wa michoro, yaani “graphic design”, kunamsaidia mtu nini. Tumeziweka pamoja ili jibu la moja lisaidie kuielewa nyingine. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na ninaishi Igoma. Kwa muda sasa nimekuwa nikisaidia kazi katika duka moja la stesheneri jirani na Makoroboi, ambako hutengeneza kadi za michango ya harusi, vipeperushi vya mikutano ya injili na mabango ya biashara. Ningependa kusomea usanifu wa michoro chuo kikuu. Baba anataka nisome sheria. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayesaidia ada, anasema kwamba programu za kompyuta za kazi hiyo mtu hujifunza kwa miezi mitatu, hivyo haoni kwa nini alipie miaka mitatu. Huko chuoni wanafundisha nini hasa? Na mtu ambaye hakusoma somo la sanaa shuleni hupokelewa?

JIBU: Marahaba. Kuhusu programu, baba yako mdogo amesema kweli, na ni vema ukubaliane naye kabla ya kumjibu. Kijana mwenye bidii anaweza kuizoea Photoshop, Illustrator au CorelDRAW kwa miezi michache akiwa dukani, pengine kwa haraka zaidi kuliko darasani, kwa sababu mteja aliyesimama mlangoni akisubiri kadi zake humfanya mtu ajifunze upesi. Kama unachotafuta ni kuziendesha programu hizo tu, usiende chuo kikuu, kwani utaipoteza fedha ya mzee wako bure.

Shahada ya usanifu hufundisha mambo yaliyo nyuma ya programu. Mwaka wa kwanza huwa na uchoraji mwingi wa mkono: vyombo, miili ya watu, majengo, mwanga na kivuli. Wanafunzi wengi hulalamikia jambo hili, kwa kuwa walitarajia kukaa mbele ya kompyuta, lakini lengo lake ni kulifunza jicho kuona uwiano wa vitu kabla mkono haujaanza kuvipanga. Hufuata masomo ya rangi, ya herufi, ya mpangilio wa ukurasa, ya historia ya sanaa, ya upigaji picha na ya njia za uchapaji, na mwishoni mwanafunzi hupewa tatizo la kweli alitafutie ufumbuzi, kisha autetee mbele ya walimu wake.

Nitachukua mfano wa karibu nawe ili uone tofauti inavyojitokeza katika kazi. Tuseme mama mmoja anayenunua dagaa Mwaloni, Kirumba, ameanza kuwakaanga na kuwafungasha katika pakiti ndogo, naye anataka lebo. Dukani ataulizwa anapenda rangi gani, halafu atawekewa picha ya samaki iliyookotwa kwenye intaneti. Msanifu aliyesoma ataanza kwa maswali mengine: pakiti itauzwa gengeni au katika duka kubwa la Dar es Salaam? Itaning'inizwa au itasimama kwenye rafu? Mnunuzi ataiona kutoka umbali gani, na ina majirani gani hapo rafuni? Kisha atatenga nafasi ya mambo yasiyokwepeka, kama vile uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na jina na anwani ya mtengenezaji. Alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, hataiweka mpaka mwenye bidhaa awe na leseni ya kuitumia.

Itakuja pia barkodi, ambayo kwa zile zinazotolewa Tanzania huanza na tarakimu 620. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa maana huichapa kwa rangi nyekundu ili ilingane na lebo nzima, na mashine ya dukani inakataa kuisoma. Sababu ni kwamba visomaji vingi hutumia mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mistari myekundu na karatasi nyeupe huonekana kama kitu kimoja. Mistari ikiwa myeusi, na pembeni yake pakaachwa nafasi tupu ya kutosha, barkodi husomeka. Jambo hilo ni dogo, lakini linaweza kumfanya yule mama arudishiwe katoni nzima.

Hali ni hiyo hiyo kwa rangi. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani kile kinachong'aa kwenye simu ya mteja hakimo katika wino huo, na msanifu asiyelijua hilo mapema atagombana na mteja siku ya kukabidhi kazi. Picha ya kujaza karatasi ya A4 kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli zipatazo 2,480 kwa 3,508, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imeshabanwa ikapungua sana. Kwa bango kubwa la barabarani hesabu hubadilika, kwa kuwa watu hulitazama kutoka mbali na hawazioni nukta. Haya yote unaweza kuyaokota dukani moja moja, kila moja kwa hasara yake. Chuoni hufundishwa pamoja na sababu zake, ndiyo maana aliyesoma hujua la kufanya anapokutana na mashine au karatasi ambayo hajawahi kuiona.

Herufi ndizo ningependa uzitilie mkazo kuliko yote, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa zaidi mjini kwetu. Zitazame kadi nyingi za michango ya harusi: herufi za dhahabu zimelala juu ya maua ya dhahabu, namba ya simu ya mweka hazina imeandikwa kwa mwandiko wa mapambo usiosomeka, halafu kamati inashangaa michango haifiki. Fikiria pia violezo vilivyo tayari, ambavyo vingi vimepangwa kwa ajili ya vichwa vya habari vya Kiingereza vyenye maneno mafupi. Ukiweka humo neno kama “Tunawakaribisheni” mpangilio wote unavunjika, na mtengenezaji huishia kuibana herufi mpaka ikonde. Msanifu wa Kiswahili hana budi kujifunza kupanga maneno marefu tangu mwanzo, wala usisubiri mwalimu akuambie. Chukua kanga yoyote nyumbani uitazame kwa makini: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililopewa mahali pake pasipogombana na maua. Nenda Bujora, pale Kisesa, uone jinsi kanisa na makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yanavyotumia alama na rangi za jadi, tena zikaeleweka na mtu asiyejua kusoma. Mzigo huo wa kuona ukienda nao chuoni utawatangulia wenzako wengi.

Sasa kuhusu mahali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sanaa na usanifu, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho hufundisha sanaa za uchoraji pamoja na usanifu. Ng'ambo ya ziwa kuna Makerere, ambako shule ya sanaa inaitwa kwa jina la Margaret Trowell, mwalimu aliyeanza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930. Mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyekuja kuiwakilisha nchi yetu kibalozi jijini London, alisoma na kufundisha hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada kamili ya usanifu, ambayo huchukua miaka minne. Hapo hapo Mwanza, SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichoko Nyegezi, inajulikana kwa masomo ya mawasiliano ya umma. Ni njia nzuri kwa anayependa magazeti na matangazo, na inakuepusha na gharama za kupanga mbali, ila usiichague ukidhani ni shahada ya usanifu. Popote utakapopenda, omba orodha ya masomo ya miaka yote uhesabu mangapi ni ya kutengeneza na mangapi ni ya kusikiliza tu, kisha uombe kuona kazi za wahitimu. Chuo kisichoweza kukuonyesha kazi ya mwanafunzi hata mmoja, mimi nisingekipelekea ada.

Kuhusu kupokelewa, kiwango cha chini cha jumla kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila programu ya masomo ina masharti yake, nayo yameandikwa katika mwongozo wa udahili ambao TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huutoa kila mwaka. Usome wa mwaka unaoombea, si wa mwaka jana. Kutosoma sanaa shuleni peke yake kusikukatishe tamaa, kwa kuwa shule zinazolifundisha somo hilo ni chache.

Baba yako usimjibu kwa maneno. Chagua kazi zako chache zilizo bora, uzichape vizuri, na pembeni ya kila moja uandike tatizo la mteja lilikuwa nini na kwa nini ulilitatua hivyo. Mwambie pia ukweli mmoja mgumu: maduka mengi ya Mwanza hulipwa kwa mita ya mraba ya bango, na usanifu hutolewa kama nyongeza ya bure. Shahada haiondoi desturi hiyo kwa siku moja. Inakupa uwezo wa kuwaendea wateja wa aina nyingine, yaani viwanda, mashirika na kampuni zinazolipia wazo kabla ya karatasi.

SWALI: Mimi ni mzazi, niko Nyakato. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma usanifu. Nimeambiwa kompyuta ya kazi hiyo ni ghali na programu zake hulipiwa kila mwezi. Je, ni lazima ninunue vyote kabla hajaondoka? Na mkopo wa serikali unaweza kutosha?

JIBU: Hongera, mama. Usinunue kitu kabla hajafika chuoni na kuuliza, kwa kuwa mwanzoni atahitaji zaidi penseli, karatasi, rangi na rula kuliko mashine. Wakati ukifika, kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 8 itamwanzisha, na ya GB 16 itamfikisha mbali zaidi. Iliyotumika inafaa, mradi mkague kioo chake kwa makini, kwa sababu kioo kilichopauka humdanganya mtu wa rangi kila siku.

Ni kweli kwamba programu za Adobe, kama Photoshop na Illustrator, hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Lakini Inkscape kwa michoro ya mistari, GIMP kwa picha, Krita kwa uchoraji na Scribus kwa kupanga kurasa ni programu za bure na za halali, na kanuni atakazojifunza humo hazibadiliki anapohamia nyingine. Nakala za wizi zinazowekwa madukani kwa bei ya chai mwambie aziepuke, kwani mara nyingi huja na virusi, na kazi ya muhula mzima inaweza kupotea usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo huombwa kwa njia ya mtandao, na kiasi anachopewa mwanafunzi hutegemea uhitaji wake na vipaumbele vya mwaka huo, kwa hiyo pangeni bajeti kana kwamba utafika nusu. Akumbuke kwamba ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka amalize.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni fundi wa stika na maandishi ya magari, niko Mlango Mmoja, na elimu yangu ni kidato cha nne. Nembo niliyomchorea mteja mmoja nimeikuta kwa mtu mwingine akidai ni yake. Je, ningekuwa na shahada ningeheshimiwa? Na je, kwa umri wangu njia bado ipo?

JIBU: Ndugu yangu, shahada isingemzuia aliyekuibia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi vyeti, hulinda kazi na aliyeibuni, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiko kwa kupeleka lalamiko lako. Utakachotakiwa kuonyesha ni ushahidi: michoro ya awali, mafaili yenye tarehe, ujumbe mliotumiana na mteja, stakabadhi ya malipo. Tangu sasa andika hata ukurasa mmoja wa makubaliano unaosema nani atamiliki mchoro baada ya malipo, na umshauri mteja aisajili nembo yake BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kama alama ya biashara. Mpaka leo kuna wanaomtaja Mzee Francis Kanyasu, yule Ngosha aliyefariki mwaka 2017, kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa, na kuna wanaomtaja Jeremiah Kabati wa Bujora. Ikiwa mchoro uliomo katika kila ofisi ya serikali unaweza kuzua ubishi wa namna hiyo, stika ya daladala haina kinga yoyote isipokuwa karatasi zako.

Njia ya masomo ipo. Aliyemaliza kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa huweza kuanza ngazi ya nne chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, akapanda mpaka stashahada, ambayo ni ngazi ya sita, na akiipata kwa wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ni mahali pamoja pa kuulizia. Kwa hali yako, hata hivyo, ningeanza na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtu hupimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti bila kurudia yale anayoyafanya kila siku. Nenda katika ofisi yao ya Mwanza uulize kama fani yako imo katika awamu inayofuata, na uchukue picha za magari uliyoyaandika pamoja na barua ya mteja mmoja au wawili wanaokufahamu.