Ripoti yako ya atachimenti na programu za kuandika

Karibuni nyote mnaoanza masomo ya biashara hapa Mombasa. Hesabu mtazizoea. Kitakachowatoa jasho ni kuandika Kiingereza cha kazi: barua kwa mteja, pendekezo la biashara, ripoti ya atachimenti, yaani ya mafunzo ya kazini. Nazipitia ripoti hizo katika ofisi ya uwakala wa forodha, basi nasema ninayoyaona.

Grammarly, QuillBot na ChatGPT mnazo tayari kwenye simu, na sitawaambia mzifute. Ila hazifanyi kazi moja. Kuna kusahihisha, kuna kugeuza maneno, na kuna kuandikiwa. Kuandikiwa ni sawa na kumtuma mwenzako ufuoni Pirates akajifunze kuogelea kwa niaba yako. Lakini kinachoharibu ripoti nyingi ni huko kugeuza maneno, kwa sababu istilahi ya biashara haina badala. “Goodwill” ya kwenye hesabu, yaani thamani ya jina na wateja wa biashara, hutoka ikiwa “kindness”. “Demurrage”, tozo la kampuni ya meli kwa kontena lililopitisha siku zake za bure, huwa “delay” basi. Msimamizi aliyezeekea bandarini Kilindini akikuta hivyo, haendelei na ukurasa wa pili.

Andika rasimu mwenyewe kwanza, hata ikiwa mbovu. Kisha ipitishe kwenye kisahihishi aya moja moja, na usikubali pendekezo usilolielewa. Ukikwama, iambie ChatGPT ikueleze kanuni uliyoivunja, usiiombe iandike upya. Makosa yanayojirudia yaandike daftarini. Hayawi mengi kama unavyodhani, ni yale yale matano sita yanazunguka. Wengi wetu, kwa mfano, tunachanganya “he” na “she”, kwa kuwa “yeye” ya Kiswahili haina jike wala dume. Programu hulipita kosa hilo mara nyingi, maana sentensi iko sawa. Itajuaje kwamba meneja wa mauzo ni mwanamke? Hapo soma mwenyewe, kwa sauti.

Badilisha pia mpangilio uwe Kiingereza cha Uingereza, la sivyo “cheque” itapigwa mstari mwekundu igeuzwe “check” ya Wamarekani. Majina ya Likoni na Changamwe yakipigwa mstari, yaache yalivyo.

Marejeo msiyaombe ChatGPT kabisa. Huweza kubuni vitabu na waandishi kwa ufasaha wa ajabu, na usipokiona kitabu maktabani au kwenye tovuti ya jarida, kiondoe. Na rasimu zako zihifadhi zote na tarehe zake. Tangu Aprili 2023 Turnitin, programu ya vyuo ya kukagua kazi zilizonakiliwa, ina kipimo cha kubaini maandishi ya mashine, nacho huweza kumsingizia mtu. Mhadhiri akikuita, uwe na cha kumwonyesha.

Jambo la mwisho ni la kazini, na hapa nakuwa mkali. Barua ya mteja, namba yake ya KRA (mamlaka ya kodi), thamani ya mzigo wake, havibandikwi kwenye programu ya bure. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwenye mzigo hakukupa ruhusa hiyo. Andika “Mteja A”, futa tarakimu zote, sahihisha sentensi zako, halafu jina na tarakimu uzirudishe ukiwa kwenye kompyuta ya ofisi. Na kabla ya hayo yote, muulize msimamizi wako kama ofisi inaruhusu programu hizo. Ziko zinazokataza kabisa.