Kabla ya kutudai, jifunzeni kupokea

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mhitimu ana wajibu wa kuchangia chuo kikuu kilichomsomesha. Lilinighadhibisha nilipolisoma, na ghadhabu hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani kuandika, kwa sababu linamhoji mchangaji na kumwacha mpokeaji apite bila kuulizwa neno. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu hadi kustaafu, na katika kazi yetu hakuna anayeulizwa kwa nini hakulipa kabla hajaoneshwa hati ya madai. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikijibu swali lililo jirani na lenu: je, vyuo vyetu vinajua kupokea?

Nianze na deni lenyewe, maana si la namna moja kwa wote. Sisi tuliomaliza katika miaka ya 1980 hatukulipa karo. Serikali ilitulipia masomo, malazi, chakula na posho, na fedha hizo zilitoka kwa wakulima wa kahawa, pamba na korosho ambao wengi wao hawakupata kuliona lango la chuo. Mwalimu Nyerere alikwisha kulisema jambo hili katika miaka ya 1960, aliposimulia habari ya mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akila asirudi, alisema Mwalimu, ni msaliti. Sisi hatuna pa kujificha. Lakini kijana aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya hapa Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005, hali yake ni nyingine kabisa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, badala ya 8 ya zamani, na hadi mwaka 2021 deni lake lilikuwa likiongezewa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Huyo anailipia elimu yake mwenyewe, tena kwa lazima, na kumdai mchango wa wahitimu siku anapofuata cheti chake, kabla hajapata hata kazi, ni jambo ambalo mimi siwezi kulitetea.

Sasa niwaeleze yaliyotukuta sisi. Darasa letu tuna kundi la WhatsApp, na kama makundi yote ya aina hiyo, kazi yake kubwa ni misiba, harusi za watoto na salamu za Ijumaa na Jumapili. Mwenzetu mmoja alipopita chuoni akakuta chumba cha kusomea cha kitivo chetu kina viti vilivyovunjika migongo na wanafunzi wamekaa sakafuni, alituma picha, na jioni ileile ahadi zikaanza kumiminika. Nilichaguliwa mweka hazina bila kuulizwa, kwa sababu ya kazi yangu. Nikafungua orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Watu wa darasa letu si matajiri. Wapo wastaafu wanaofuga kuku, wapo wajane, yupo mmoja aliyelipa kidogokidogo kwa simu, kila akiuza maziwa. Tulifika shilingi milioni 14, nami nikaenda chuoni kuzikabidhi nikiwa na barua iliyotaja chumba, idadi ya viti na jina la darasa.

Ofisi ya kwanza ilinipeleka ya pili. Ya pili, ambayo ni ya mipango, ilisema fedha hazipokelewi kwao bali uhasibu, na uhasibu wakasema fedha haziwezi kupokelewa bila kumbukumbu namba ya malipo, jambo ambalo ni sahihi na mimi mwenyewe ningelidai. Tatizo lilikuja pale mhasibu alipotafuta katika mfumo aina ya pato ambayo mchango wetu ungeingia. Kulikuwa na ada, kodi ya pango, mauzo ya nyaraka za zabuni, adhabu ya kuchelewesha vitabu. Zawadi ya wahitimu haikuwamo. Baada ya kushauriana na mwenzake aliniandikia namba ya malipo chini ya kifungu cha “mapato mengineyo”. Nilimwomba asubiri. Nikamweleza, kwa utaratibu kadiri nilivyoweza, kwamba nimekagua mapato mengineyo ya taasisi nyingi na ninajua yanakoishia: yanaingia katika chungu kimoja na mauzo ya magari chakavu, na mwaka ukiisha hakuna mkaguzi duniani anayeweza kusema kiti hiki kilinunuliwa na shilingi ile. Akanijibu kwa upole kwamba mfumo hauna nafasi nyingine. Nikauliza kama barua yangu inaweza kuambatanishwa na stakabadhi. Akasema barua zinapokelewa masijala.

Ilibidi nirudi nyumbani na fedha za watu, na hapo ndipo kundi lilipochafuka. Wapo waliosema turudishiane, wapo waliosema tununue viti wenyewe tuvishushe mlangoni usiku, na yupo aliyeuliza, kwa utani ambao haukunichekesha, kama mweka hazina ameshaanza kufuga kuku. Baada ya wiki nyingi za kuandikiana na chuo tulikubaliana tununue viti sisi, chuo kivipokee kama vifaa kwa hati ya makabidhiano, viandikwe katika daftari la mali. Vilipokelewa. Barua ya shukrani haikuja. Kilichokuja ni ujumbe wa simu uliotumwa kwa wote, ukianza na “Ndugu Mhitimu”, ukitualika kununua meza ya watu 10 katika hafla ya chakula cha jioni hotelini, ya kuchangia maendeleo ya chuo, bila kutaja maendeleo gani. Msiba wa mwenzetu uliotokea katika kipindi hichohicho ulichangiwa kwa siku mbili, na kila senti ilisomwa hadharani siku ya arobaini.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, kwa hukumu ya wazi kwamba wahitimu wasichangie. Lakini haki inanitaka nimtaje binti niliyemkuta katika ofisi ya wahitimu, ambayo ni chumba kimoja chenye meza moja. Alinionesha rejista anayoifanyia kazi: majina kutoka katika vitabu vya mahafali na anwani za masanduku ya posta tuliyoyaacha tukiwa vijana. Wanawake tumeandikwa kwa majina ya baba zetu, na wengi hatujayatumia tangu tuolewe. Mimi mwenyewe nilipatikana humo kwa jina ambalo mume wangu hajapata kulitumia. Binti huyo hakuwa na wa kumlaumu, alikuwa akiwatafuta watu mmojammoja katika Facebook baada ya saa za kazi. Nilitoka pale nikiwa na swali jipya: chuo kisichojua tuliko kimetuomba lini hata tukatae?

Wenzetu wa Marekani, ambao kila mtu huwatolea mfano, hawakuanzia kwenye mabilioni. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale walianzisha mfuko wa michango ya kila mwaka mwaka 1890, na kazi iliyoujenga ilikuwa ya kila darasa kuwa na mtu wake wa kuwaandikia wenzake, yaani kazi ileile ninayoifanya mimi katika kundi letu bila ofisi. Tajiri Michael Bloomberg, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, anaeleza kwamba mchango wake wa kwanza, mwaka mmoja baadaye, ulikuwa dola 5. Mwaka 2018 alikipa chuo hichohicho dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Mtu aliyetoa dola 5 alihifadhiwa katika kumbukumbu kwa zaidi ya nusu karne. Sisemi tuige kila kitu, maana huko pia kuna vyuo vilivyowapa watoto wa wahitimu upendeleo wa kudahiliwa, na jarida la U.S. News & World Report hadi mwaka 2023 lilikuwa likivipanga vyuo kwa kuangalia, pamoja na mengine, asilimia ya wahitimu wanaochangia, jambo lililovifanya baadhi vikimbizane na visenti ili kupandisha hesabu tu.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Hapa pwani babu zetu waliweka mashamba na nyumba wakfu kwa ajili ya misikiti na madrasa, na kanuni ya wakfu inajulikana hata na asiyejua kusoma: sharti la mwenye kuweka linafuatwa kama lilivyo. Aliyesema minazi hii ni ya mafuta ya taa za msikiti, nazi zake haziwi mapato mengineyo. Wasimamizi walioiba wamekuwapo, lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba hapakuwa na kifungu.

Basi hukumu yangu, ambayo naona haifanani na nilivyoanza, ni kwamba kizazi changu kinadaiwa, na kitoe. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, liliposhika moto, wahitimu walioko pande zote za Afrika Mashariki walihuzunika kwa dhati mitandaoni, lakini mzigo mkubwa wa kulijenga upya uliangukia serikali ya Uganda, ambayo ndiyo kusema walipa kodi, wakiwamo wakulima walewale. Nimeona aibu kusema kwamba sitoi kwa sababu ya kifungu cha hesabu. Nimekubaliana na mwanangu tutoe kila mwezi kwa ajili ya chakula cha mwanafunzi mmoja, kupitia chuo na si kwa mkono, kwa sababu nisipoulazimisha mfumo kuwa na nafasi ya fedha kama hizi, haitapatikana.

Natoa kwa masharti, hata hivyo. Fedha zisomeke kwa kusudi lake, chuo kitoe taarifa ya mwaka hata kama ni ukurasa mmoja, na yule binti aongezewe mtu wa pili na kompyuta kabla ya hafla nyingine ya hoteli kufikiriwa. Ikipita miaka miwili bila taarifa nitaacha na nitaeleza kwa nini. Kwa kijana anayekatwa mkopo jibu langu bado ni hapana, mpaka Bodi itakapompa barua ya kumaliza deni. Hata siku hiyo, chuo kimpigie simu kwanza kumuuliza yuko wapi na anafanya kazi gani, na mazungumzo hayo ya kwanza yaishe bila kutajwa fedha.