Kache yako mpya usiihamishe haraka: ushauri kwa mnaoanza kuficha

Wadau mnaoanza kuficha kache, yaani yale makopo yenye karatasi ya kusaini ambayo watu wanayatafuta kwa GPS kwenye mchezo wa geocaching, swali mnalouliza sana ni hili, "nimeiweka mwezi wa tano, sasa hivi watu wamepungua, niihamishe?" Jibu langu ni hapana, iache kwanza imalize mwaka mzima hapo hapo, labda tu kama sehemu yenyewe inaharibika au mwenye eneo amekataa. Nitaongelea huku ninakofichia, jimbo la Washington upande wa Seattle, ambako ukitoa miezi michache ya kiangazi basi ni mvua, matope na moss, vile vimea laini vya kijani, kwenye kila gogo.

Kwanza ile miezi 3, maana wengine mnasema kache ikishafikisha miezi 3 imetimiza muda wake. Ni kweli masharti ya Geocaching.com yanataka kache iwekwe kwa nia ya kukaa isipungue miezi 3, lakini hicho ni kima cha chini, maana yake ukijua huwezi kuitunza hata muda huo usiiweke kabisa, haina maana kwamba ikifika mwezi wa nne imeshachuja. Kule Kansas kuna kache inaitwa Mingo, iliwekwa tarehe 11 Mei 2000, siku chache tu baada ya Dave Ulmer kuweka ile ndoo ya kwanza kabisa Oregon tarehe 3 Mei, na mpaka leo watu wanatoka barabara kuu ya I-70 kwenda kuitafuta, na wanaifuata kwa sababu ndiyo ya zamani kuliko zote zinazofanya kazi. Ingehamishwa kila watu wakipungua, nani angeifuata?

Halafu hilo la watu kupungua ni hesabu ya kawaida kabisa. Mtu akishaipata kache ameshaipata, haji tena kuiloga, yaani kuandika kwenye tovuti kwamba ameipata. Kwa hiyo wiki ya kwanza wanakuja wale wanaogombania kuwa wa kwanza, wengine wanatoka nyumbani usiku na tochi, wanafuata wenyeji wa mtaa huo, baada ya hapo wanabaki wageni na wanaoanza mchezo, mmoja leo mwingine baada ya wiki tatu. Hapo kache haijafa, imetulia tu. Na ukiisogeza mita hamsini ili wale wenyeji warudi hawarudi, kwa sababu namba ya kache ni ile ile na kwao ni kitu walishamaliza.

Sababu kubwa ya kusema mwaka mzima ni majira, hili nalisisitiza kuliko yote. Ukificha Julai chini ya vichaka vya porini vile vyenye miiba unaona umeficha vizuri mno, hakuna mpita njia atakayeona, sasa subiri Novemba, majani yote yamedondoka, kopo linang'aa kabisa ukiwa njiani. Au kinyume chake, umeliweka chini ya miti ya mepo (maple) yenye majani mapana, ikifika vuli linafunikwa na majani yaliyolowa mpaka watu wanapita juu yake wanaandika DNF (Did Not Find, yaani nimeikosa) mfululizo. Ukihamisha Novemba utakuwa umetafuta sehemu inayofaa Novemba tu, Julai tatizo linarudi. Pita pale kiangazi, pita vuli, pita wakati mvua imeshika kweli kweli, angalia kila kitu kinavyokuwa, ndipo uamue.

Hizo DNF nazo msizihesabu tu, zisomeni. Angalia nani kaandika. Mtu aliyeanza juzi akikosa kache ya ugumu wa 3 (kipimo ni 1 mpaka 5) hiyo si habari, mtu aliyeshapata kache maelfu akikosa kache ya ugumu wa 1.5 nenda kaangalie wikiendi hiyo hiyo. Na ukienda usianze kwa kusogeza kopo, anza kwa kupima upya koordineti, zile namba za GPS za mahali. Chini ya mierezi mikubwa ya huku GPS inayumba vibaya, simu inakuonyesha umefika kumbe uko mita kumi na zaidi pembeni. Pima leo, rudi siku nyingine upime, chukua wastani, sahihisha kwenye ukurasa wa kache. Mara nyingi shida inaishia hapo na kopo halijaguswa.

Ukishalipata, lifungue. Angalia chini ya mfuniko pale kwenye mpira, kama kuna mchanga au uzi wa karatasi umebanwa basi maji yanaingia hapo hapo, na karatasi utaikuta imekuwa uji, penseli imevimba. Hilo ni tatizo la kopo, siyo la sehemu. Badilisha kopo uweke lenye kufunga pande nne, na karatasi ile isiyolowa ya Rite in the Rain, inatengenezwa hapa hapa Tacoma na bei yake ni nafuu ukilinganisha na safari za kwenda kubadilisha daftari kila mwezi.

Sasa lini uhamishe kweli, hata kama mwaka haujaisha? Ukiona ardhi inachoka. Simama kwenye njia kuu uangalie kuelekea kache, ukiona kijinjia kipya kimenyooka mpaka pale, mikangaga (fern) imevunjwa, gogo limechubuliwa moss mpaka mti mtupu unaonekana, hapo usisubiri kitu, itoe. Moss ile inachukua miaka kurudi. Vile vile kama inaibwa, unarudisha inaibwa tena, kuna mtu anaijua hiyo sehemu. Na ruhusa ikiondolewa unatoa siku hiyo hiyo bila mjadala.

Namna ya kuhamisha: kwanza izime kwa muda kwenye ukurasa ndipo ukaguse kopo, kwa sababu kuna watu wamepakua koordineti za zamani kwenye simu, watakuja kuvuruga pale pa zamani wakitafuta kitu hakipo. Kusogeza mpaka mita 161 unabadilisha mwenyewe, zaidi ya hapo wasiliana na mkaguzi, yule anayepitisha kache kwenye tovuti, na hakikisha hujaisogelea kache nyingine ndani ya hizo mita 161. Usiiache imezimwa zaidi ya kama wiki nne, wakaguzi wanaweza kuifunga. Na kama unaipeleka bonde lingine kabisa, lenye mandhari nyingine, nawaomba fungeni ile ya zamani muanzishe mpya yenye namba yake, waliopanda kilima kuipata ile ya kwanza wabaki na kilima chao kwenye kumbukumbu. Ila kache ikishafungwa kwa kawaida haifunguliwi tena, kwa hiyo lala nalo usiku mmoja kwanza.

Na wale mnaokwenda nyumbani Desemba mnataka kuacha kache Moshi au Mombasa halafu mrudi huku, huo mwaka mmoja ndio kipimo chenu, kama haina wa kuitunza mwaka mzima msiiweke. Mkaguzi atataka kujua nani ataitunza, kwa hiyo mtafute binamu au rafiki anayeishi hapo karibu, afungue akaunti yake, mwende naye siku ya kuficha alione kopo na ajue jinsi ya kubadilisha karatasi, halafu muandikieni mkaguzi jina la akaunti hiyo mnapowasilisha.