Kuhusu mama kuachishwa vidonge vya sonona ili anywe mtindi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama mama yako anaweza kuacha vidonge akatumia mtindi, kwa vile umesoma kwamba panya walipewa bakteria wa tumboni wakatulia. Nakuomba usimuachishe. Mie nilijaribu, hapahapa Wete.

Utafiti wenyewe ni wa kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus. Wakitiwa majini, panya wale walihangaika kuogelea muda mrefu kuliko wenzao, yaani hawakukata tamaa upesi, na homoni ya msongo haikuwapanda sana. Lakini waliokatwa neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo, hawakupata faida hiyo. Mwaka 2016 ikaja kubwa zaidi: panya waliouliwa bakteria wao kwa antibiotiki wakatiwa vijidudu kutoka kwenye choo cha watu wenye sonona. Wakapoteza hamu ya maji ya sukari, kitu ambacho panya hukipenda mno.

Niliposoma hapo nikajiona mwenyewe. Tumbo langu lilianza kuvurugika kabla moyo haujazama, na hata chai ya maziwa ilikuwa haina ladha mdomoni. Basi nikaweka vidonge vyangu kabatini, kila asubuhi bakuli la mtindi. Wiki za mwanzo nilijihisi mwepesi. Kisha siku moja, msimu wa karafuu, mvua ikashuka. Majirani wanapiga kelele, watoto wanakimbilia majamvi, nami nimekaa kibarazani naziangalia karafuu zetu zinarowa. Mkono haukuinuka. Mama yangu alizikusanya peke yake, kanga imemganda mwilini, wala hakuniuliza neno. Kesho yake alinipeleka kwa daktari.

Baadaye nikaja kujua kwamba bakteria yuleyule wa Cork alijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, matokeo yakatoka 2017: hakukishinda kidonge bandia kisicho na dawa ndani, si kwa msongo wala kwa wasiwasi. Hao hata sonona hawakuwa nayo. Panya wa maabara hula chakula kimoja na kulala chumba kimoja. Mama yako ana miaka yake, ana misiba yake.

Mtindi mpe, ni chakula kizuri, ila uende pamoja na vidonge. Na hili muulize leo: tumbo lilianza kumsumbua kabla ya vidonge au baada? Baadhi ya dawa hizo huleta kichefuchefu siku za mwanzo, na daktari anaweza kumbadilishia. Ukipata jibu lake niandikie, hata usiku.